Jirani Aliyeacha Kutusalimia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuku. Nilimfunga miguu kwa kamba mpya, nikamfuta matope kwa kitambaa kibichi, nikampeleka asubuhi nyumbani kwa jirani yetu jaji, nikijua yeye ameshaondoka kwenda kazini. Nilitaka jambo lile lifanyike vizuri. Mimi ni mtu wa kutaka mambo yafanyike vizuri, hata yale ambayo hayakupaswa kufanyika kabisa.

Mtaani kwetu Bel-Air jaji huyo hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Zuzi, maana ndivyo watu wa Lubumbashi walivyolikata neno la Kifaransa "juge", yaani jaji, ili likae vizuri mdomoni. Hata mke wake alimwita hivyo mbele ya wageni. Alikuwa mtu mfupi, shingo nene, miwani yake imefungwa waya upande mmoja. Alikwenda tribinali, yaani mahakamani, kwa miguu, joho lake jeusi amelikunja ndani ya mfuko wa plastiki, na gari likisimama kumpa nafasi alimwuliza dereva kwanza anaenda kufanya nini mjini. Ikiwa dereva ana shughuli tribinali, Zuzi alimshukuru na kuendelea kutembea kwenye vumbi jekundu.

Lakini jambo ambalo mgeni angeambiwa kwanza juu yake ni salamu. Zuzi alisalimia kuliko mtu yeyote. Alisimama kila mlango: "Jambo yenu. Mulilala muzuri? Batoto beko na nguvu?" Na alingoja jibu. Ila kesi yako ikifika mbele yake, salamu ilikatika siku hiyo hiyo. Alikupita kama anavyopita nguzo ya umeme. Hakukunja uso wala hakugeuka, alikupita tu. Alifanya hivyo ili asionekane akiongea na upande mmoja, na bila kujua alikuwa akitangaza siri za mtaa mzima. Wanawake walisema bombani: "Zuzi leo amepita kwa fundi bila jambo. Fundi eko na mambo ku tribinali." Kufika jioni kila mtu alikuwa na maoni juu ya mambo ya fundi.

Fundi huyo alikuwa seremala, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, na karakana yake ndiyo ilikuwa mahali pa kucheza dama kwa vifuniko vya chupa. Zuzi alicheza pale kila Jumamosi, na aliiba. Sijui niliseme vipi jambo hili kwa heshima. Mtu ambaye hakuweza kupokea glasi ya maji ya mwenye kesi alisogeza vifuniko kwa kiwiko cha mkono huku akikohoa.

"Zuzi, hii kifuniko ilikuwa hapa," fundi alisema.

"Uko na mushahidi?"

"Niko na macho."

"Macho ya mulalamikaji peke yake hayatoshi. Cheza."

Fundi aliposhindwa kesi yake ya mbao, na aliyemhukumu ni Zuzi, salamu ilirudi asubuhi iliyofuata. "Jambo, fundi." Fundi hakuinua kichwa kwenye randa yake. "Jambo gani? Jana umenikamua kama nguo." Zuzi akasema, "Jana nilikuwa na kazi. Leo niko jirani." Fundi alinuna wiki kadhaa, kisha akatoa ubao wa dama mwenyewe.

Nyumbani kwake Zuzi hakuwa mwenye haki hata kidogo. Sahani ikivunjika aliwaadhibu watoto wote bila kuuliza. Binti yake mkubwa alipolalamika kwamba hata wezi wanasikilizwa, alijibiwa, "Kule nasikilizaka siku muzima. Hapa masikio imechoka." Nililisikia hilo kwa masikio yangu, maana ukuta kati ya nyumba yao na yetu ulikuwa na tundu ambalo hakuna aliyepata saruji ya kuliziba.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire, wakati serikali ilikuwa imesahau kwamba ina wafanyakazi. Waalimu waligoma, shule ikafungwa, na mimi niliyekuwa karibu kumaliza nikabaki nje. Nikajifundisha mwenyewe. Nilisoma chochote kilichokuwa na maandishi, na asubuhi nilikwenda kukaa kwenye benchi la mwisho la tribinali, kwa sababu kule watu wazima walikuwa wakisema kwa utaratibu na kulikuwa na kivuli. Sheria ninayoijua niliipata kwenye benchi lile. Ndiyo maana habari ya kuku inaniuma zaidi: mimi, kuliko mtu mwingine yeyote wa mtaa, nilipaswa kujua.

Majaji nao hawakulipwa. Wenzake Zuzi walipata njia. Mmoja alianza kuja kwa gari, na hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Zuzi aliendelea na mfuko wake wa plastiki. Mke wake akaweka jiko la makaa mbele ya kipango cha ua wao, akakaanga mikate ya mafuta, ile midogo ya mviringo ambayo mji mzima unakula asubuhi. Lakini Zuzi alimwekea sharti, naye alilitimiza kwa namna ambayo nadhani ilikuwa ya kumkomoa.

"Mama, nipe mikate."

"Uko na tribinali kwa Zuzi?"

"Hapana."

"Na baba yako?"

"Hapana, mama."

"Na bwana ya dada yako?"

"Mama, niko na njaa."

"Miye pia," alisema, na ndipo akachukua karatasi ya kufungia. Watu wengine walikwenda kununua barabara ya pili, si kwa sababu walikuwa na kesi, ila kwa kuchoka kuhojiwa. Na yeye alipoona beseni linarudi ndani bado limejaa, alisema kwa sauti ya kusikika upande wetu: "Haki ya Zuzi iko muzuri. Lakini haiivi. Unaichemusha, unaichemusha, haiivi."

Kitu nilichokiona tribinali na ambacho kilinidanganya kwa muda mrefu ni hiki. Siku moja luteni aliingia na askari wake katikati ya kesi, wakakaa benchi la mbele na bunduki, "kusikiliza tu". Mlalamikaji alinyamaza. Mwanasheria wake akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Zuzi akaweka kalamu chini.

"Nangojea kofia," akasema.

Hakuna aliyejongea. Zuzi akaendelea kungoja, mikono juu ya meza, kama mtu anayengoja maji yachemke. Hatimaye luteni akavua kofia, na wengine wakavua.

"Na bile bingine," Zuzi akasema, akionyesha bunduki kwa kidevu.

Wakatoka, wakaziacha nje kwa mlinzi wa mlango, wakarudi mikono mitupu. Niliamini kwamba nimeona nguvu. Baadaye nilipita kwenye ushoroba nikachungulia ofisini kwake. Alikuwa amekaa juu ya kreti ya bia, kwa sababu viti vilikuwa vimeporwa, na mikono yake alikuwa ameikalia. Ilikuwa ikitikisika hadi mabegani.

Siku nyingine nilimwuliza barabarani, hukumu yake inakwenda mpaka wapi. Akacheka. "Hukumu yangu haina miguu. Inaazima miguu ya polisi. Kama polisi anakatala, inabakia imekaa." Akanisimulia jinsi alivyompa haki bibi mmoja ambaye ghala lake lilikuwa limechukuliwa na wakubwa wa jeshi, na polisi wakakataa kwenda. Akaenda mwenyewe na karani, akavaa joho pale kwenye lango. Walinzi walimwuliza kama yeye ni padri, amekuja kumuzika nani. Akarudi nyumbani. "Lakini nilisema," aliniambia. "Ile kazi yangu ni kusema. Kama hakuna wa kusikia, hiyo haiko sababu ya kusema ya uongo."

Sisi tulikuwa na shamba Lukafu, na kila mwaka wakati wa mavuno mama na mimi tulihamia kule. Tukirudi, mama alipita milango ya majirani na karanga, na kwa Zuzi alipeleka kuku, kwa sababu mke wake alikuwa amemtunza mama nilipozaliwa. Mtu akitoka shamba hawezi kupita mlango wa jirani mikono mitupu. Zuzi alimla kuku yule kila mwaka na kutusifu kupitia tundu la ukuta.

Mwaka ule askari walipora mji tukiwa Lukafu. Tuliporudi tulikuta nguo za jeshi zimeanikwa kwenye kamba yetu. Mama alisimama mbele ya nyumba yake mwenyewe akapiga hodi. Mwanamke akatoka na sufuria yetu mkononi, akauliza bila ubaya wowote, "Munatafuta nani?" Alikuwa mke wa meja. Meja alisema aliikuta nyumba tupu, na nyumba tupu ni ya anayeilinda. Tukalala kwa rafiki ya mama, barabara ya tatu, na mama akapeleka mashtaka. Hakuwa na mali nyingine mjini. Nyumba ile ndiyo aliyoijenga chumba kwa chumba, na akiikosa tungerudi Lukafu moja kwa moja, mimi na vitabu vyangu.

Kesi ikaangukia kwa Zuzi. Nilipiga makofi. Kesho yake tulikutana naye njiani na mama akasema, "Jambo, Zuzi." Akapita.

Kujua desturi ya mtu ni kitu kimoja. Kupitwa mbele ya macho yako ni kingine. Mama alisimama na mkono wake umeinuka nusu. Rafiki yake akasema, "Meja amekwisha kumuona yule." Nikamwambia hapana, hivyo ndivyo alivyo. Lakini siku zilivyopita na yeye akitupita, nikaanza kuhesabu makosa yetu. Tulikuwa tumetoka Lukafu na hatukuwa tumempelekea chochote. Kila mwaka tulipeleka. Nikafikiri: labda kutopeleka ndilo tusi. Niliona kwamba kuku si matabishi. Matabishi ni kitu cha kumlainisha mkubwa, na hiki kilikuwa cha jirani tangu zamani. Nililipanga jambo zima kichwani mpaka likawa halina doa. Sikumwambia mama. Sikuona, kwa sababu sikutaka kuona, kwamba Zuzi alikuwa akimpita meja vilevile kila asubuhi, na meja, mwenye bastola kiunoni, alikuwa akiumia kama sisi.

Nilipofika na kuku, mke wa Zuzi alikuwa sokoni. Mama mkwe wake, aliyekuja kutembea na hakujua habari za mtaa, alimpokea kuku kwa mikono miwili na kunibariki.

Siku ya kesi ukumbi ulijaa. Zuzi aliingia, akakaa, akasema maneno yake kwa Kifaransa, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Jana nilikula kuku ya huyu mama. Nilipomaliza ndipo nikauliza imetoka wapi. Ilikuwa tamu, na mpaka sasa naikumbuka. Muntu anakumbuka kuku ya muntu, hawezi kumuhukumu. Nimejitoa."

Watu walicheka. Meja alicheka zaidi ya wote, akijipiga mapaja. Mama hakucheka. Aligeuka polepole, akanitafuta benchi la mwisho, na ndipo alipojua.

Nje akaniuliza, "Nani alikutuma?"

"Mama, kila mwaka tunapelekaka."

"Kila mwaka tulikuwa na nyumba."

Asubuhi iliyofuata Zuzi alisimama mbele yetu njiani. "Jambo yenu, mama. Mulilala muzuri?" Mama alianza kujibu, kwa mazoea, kisha akaelewa maana ya salamu ile, akaketi chini pale pale kando ya mfereji akalia. Zuzi alisimama na mfuko wake wa plastiki. Sikupata kumwona mtu asiyejua la kufanya kama yeye siku ile.

Nilimfuata mpaka barabara kubwa. Nikamwambia kuku hakuwa wa kuomba. "Nayua," akasema. "Kuku ya asante na kuku ya kuomba, ku sahani ziko sawa." Nikamwambia basi kama unajua, ungenyamaza, nani angejua. Akasimama. "Angalia, mutoto yangu. Mwenye kushinda ataamini yeye mwenyewe kama haki imefanywa. Miye nafanyaka kazi juu ya ule mwenye kushindwa. Yeye ndiye anapaswa kurudia kwake na kusema: hawakumununua. Meja angesema nini?" Nilitaka kumwambia kwamba meja asingesema neno, angepiga risasi hewani tu na kubaki ndani. Nadhani na yeye alilijua hilo. Akaenda kazini.

Jaji wa pili alikuwa kijana. Askari walikaa mbele na kofia zao, na hakuna aliyengoja chochote. Aliamua meja abaki mpaka uchunguzi ukamilike. Uchunguzi haukuanza.

Kisha mji ukabadilisha mikono. Wakaja askari wapya wenye viatu vya mpira, wengine wadogo kuliko mimi, na meja akakimbia akimwacha mke na watoto. Tribinali zilifungwa. Komanda mmoja aliweka meza chini ya turubai karibu na stesheni, akaanza kukata kesi za watu. Mji ulimpenda. Aliuliza maswali machache, akaamua kabla chai yake haijapoa, na askari wake wakaenda hapo hapo. Hukumu zake zilikuwa na miguu. Mama akaenda.

"Nyumba iko yako?" komanda akauliza.

"Iko yangu."

"Meja eko wapi?"

"Alikimbia."

"Basi."

Tulifika na askari. Godoro la kwanza lilitupwa nje, kisha sufuria, kisha watoto. Mke wa meja alisimama uani na mtoto mgongoni, akasema kwamba mabati ya jikoni alinunua yeye kwa samaki aliouza sokoni, kwamba yale ya zamani yalikuwa yakivuja. Aliyasema kwa askari, kisha kwa mama, kisha kwangu. Halafu akauliza, si kwa kelele, "Na miye? Hakuna wa kuniuliza kitu?"

Hakuna aliyemwuliza. Mimi, niliyekaa benchi la mwisho muda wote ule na kujua kabisa kwamba kila upande husikilizwa, niliangalia chini. Jikoni mabati yalikuwa yanang'aa.

Jioni nikamwambia Zuzi kupitia tundu la ukuta kwamba tumeshinda.

"Mama ule alisema nini?"

"Hakuulizwa."

"Basi hamukushinda," akasema. "Mumepewa."

Sikuelewa mpaka Jumapili, askari alipogonga mlango akasema komanda anamsalimia mama na ana hamu ya kuku. Mama alimchinja mmoja. Jumapili iliyofuata akaja tena, safari hii alimtaka akiwa hai. Mama alijaribu kusema kuku wamekwisha. Askari aliangalia dari, akaangalia mabati ya jikoni, akasema nyumba iko muzuri sana, kuna bakubwa wengi banatafuta nyumba. Tangu hapo mama hutuma Lukafu kuomba kuku.

Tribinali zilipofunguliwa tena, majina ya majaji walioachishwa kazi yalisomwa redioni. Jina la Zuzi lilisomwa pamoja na ya wale waliokuwa na magari, kana kwamba walikuwa wamekula sahani moja. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza alikuwa na lipi la kusema.

Jumapili iliyopita askari hakuja. Alituma neno kwamba nipeleke mwenyewe. Nilitoka na kuku chini ya kwapa. Zuzi alikuwa amekaa kando ya jiko la mke wake, akigeuza mikate kwa uma, miwani imejaa mvuke wa mafuta. Mke wake alikuwa akihudumia watu, na sikumsikia akimwuliza mtu swali lolote.

"Jambo," Zuzi akasema. "Mulilala muzuri?"

"Tulilala, Zuzi."

"Ile unapeleka wapi?"

"Kwa komanda."

Akageuza mkate mmoja, kisha mwingine. "Ya asante, ama ya kuomba?"

"Siyui tena."

Aliinama akatazama kamba kwenye miguu ya kuku, akaivuta kidogo kwa kidole. "Umeifunga muzuri," akasema. Sikuona dhihaka usoni mwake, ingawa niliitafuta. Nyuma yangu alipita yule askari wa Jumapili na wenzake, bunduki mabegani, kofia kichwani, na Zuzi akainua uma wake wenye mafuta. "Jambo yenu," aliwaambia. "Mulilala muzuri? Batoto beko na nguvu?" Akangoja jibu, kama zamani. Hawakujibu.

Sasa tunalala nyumbani kwetu, na jiko letu halivuji. Na Zuzi anasalimia kila mtu.